Saengda na Ukurasa wa Mwisho

Wanaonicheka hadi leo kwa mambo ya mwaka 2527, kwa kalenda yetu ya Kibuddha, nawauliza: ninyi mngefanya nini? Mimi ni msusi, sikusomea kazi ya chapa. Kosa lilikuwa langu robo tu. Robo tatu ni za mzee Kuang na huruma zake zisizoombwa.

Shangazi Saengda hakuwa shangazi yangu wa damu. Nyumba yake na saluni yangu zilitenganishwa na ukuta wa mbao, hapa hapa mjini Phrae, nyuma ya soko la asubuhi. Alishona mashati ya pamba, yale ya buluu ambayo mji mzima huvaa, na rangi alitia mwenyewe kwa nili kwenye mitungi ya uani, kwa hiyo mikono yake ilikuwa ya buluu hadi karibu na viwiko, sikukuu na siku za kazi. Mjane, hana mtoto, miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto Yom akageuka. Na alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: hadithi fupi za kukata kona.

Ndivyo tunavyoziita. Unasoma kurasa tisa ukidhani unakwenda sokoni, ukurasa wa kumi unajikuta kituo cha polisi. Yule uliyemlilia ndiye mwizi. Barua iliyongojwa miaka saba ilikuwa mfukoni mwa aliyeingoja. Magazeti ya kila wiki yalizichapa, kisha zikakusanywa vitabuni, kumi na tano, ishirini kwa pamoja, na vitabu vikaja na basi la Bangkok kila Jumanne jioni hadi dukani kwa Thawin, aliyevikodisha kwa siku. Jumatano saa mbili asubuhi, mimi bado napiga mswaki, Saengda alikuwa amekwisha kufika kwenye benchi la Thawin, pini za kushonea zimechomekwa kifuani mwa blauzi yake.

Pini zilikuwa za mchezo wao. Walikaa kitabu kiko katikati, mmoja akasoma kwa sauti. Wakifika ukurasa wa mwisho wa hadithi, haufunguliwi. Saengda anaubana kwa pini. Kila mmoja anatoa kisio lake: nani muuaji, nani kadanganywa, maiti ni ya nani. Mpaka wote wawili wawe wamesema, pini haitoki. Hiyo ilikuwa sheria, na sijapata kuona sheria iliyoheshimiwa namna ile katika mji huu, hata ya barabarani.

Kisha pini inatoka, ukurasa unafunguliwa, na Saengda anapiga kelele. Maana Thawin alikuwa akipatia. Miaka ishirini na miwili anapatia! Mwanamume mrefu, mkimya, mgane, miwani yake imefungwa kwa uzi, anakunja mikono na kusema polepole, "Mimi nadhani, dada Saengda, huyo daktari ndiye mgonjwa mwenyewe." Pini inatoka, na kweli daktari ndiye mgonjwa.

"Umejuaje?" Saengda anaruka kutoka kwenye benchi. "Umejuaje, mlozi wewe?"

"Mtu akisoma sana huzoea."

"Na mimi je? Mimi nafuga kuku? Miguu yangu inaendesha cherehani, macho yangu yanasoma, mchana kutwa!"

"Basi labda uache cherehani."

"Labda nikushone huo mdomo!"

Watu wa soko walikuwa wakipita pale makusudi ili wamsikie. Akirudi nyumbani alinigongea ukuta. "Nim! Umelala?" Nani angelala? "Nim, iko siku nitamwona yule mtu ameachama. Naapa kwa mifupa ya mama yangu. Ukurasa wa mwisho, hajui kitu, kinywa wazi kama kikapu! Siku hiyo nife nimeridhika."

Ndipo akaanza kuandika mwenyewe. Aliandika juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa chaki kwanza pale wazo lilipomjia ghafla, kisha kwa kalamu, na karatasi zote zilikuwa na alama za vidole vya buluu. Akazipeleka magazetini Bangkok. Kumi na tisa zilikwenda, kumi na tisa zikarudi. Kila moja iliporudi alinisomea nikiwa naosha nywele za wateja, na wateja wangu walikataa kuondoka na vichwa vikiwa vikavu tayari, wanataka mwisho. Mimi najua nilichokiona. Wale wa Bangkok hawakujua kusoma.

"Mpe Thawin azisome hivyo hivyo, kwa mkono," nilimwambia.

"Thubutu! Hadithi ya mkono mtu huisoma kwa huruma. Atakisia vibaya makusudi ili nisiumie, namjua. Nataka aisome ikiwa imepigwa chapa, amekaa kama hakimu. Akishindwa, ashindwe kweli."

Sasa, ninyi mnajua kwamba kwetu mtu akifa mwili huchomwa moto, na wageni wa mazishi hawarudi mikono mitupu. Wanapewa kitabu chake: picha, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, maisha yake kwa kurasa tatu, na baada ya hapo chochote ambacho familia inaona kitawafaa wasomaji, mahubiri, dawa za miti, mapishi. Siku moja tulikuwa tunatoka kumchoma muuza tofu wa soko la asubuhi, na Saengda akawa anapekua kitabu cha marehemu huku anatembea. Akasimama katikati ya barabara. Pikipiki zikampigia honi.

"Nim. Huyu aliuza tofu. Hakuwahi kuandika hata barua. Na ana kitabu!"

"Amekufa, shangazi. Toka barabarani."

"Kwetu mtu kama mimi hupigwa chapa mara moja tu, siku ya kuchomwa. Sasa mimi nangoja nini?"

"Kufa, nadhani."

"Kufa nitakufa, hilo halina haraka. Lakini nikiwa kwenye jeneza, uso wa Thawin nitauona kwa tundu gani?"

Basi akaamua kujitangulia. Kitabu chake cha mazishi kichapwe sasa, yeye yu hai, na nakala ya kwanza ampelekee Thawin mkononi. Zilizobaki zingekaa kabatini hadi siku yake. Mji wetu ulikuwa na mpiga chapa mmoja tu, mzee Kuang, na mzee Kuang alichapa vitu vitatu: kadi za harusi, matangazo ya hekalu na vitabu vya wafu. Saengda akachagua hadithi kumi na moja. Ya mwisho aliiita "Jumatano," na hiyo peke yake hakunisomea. Nilimsikia akiiandika ng'ambo ya ukuta, anacheka, anaandika, anacheka tena.

"Hii ni ya kumwulia Thawin," alisema, akaifunga bahasha kwa gundi.

Yeye alikuwa anakwenda mji wa Nan kwa wiki tatu, binti wa dada yake kajifungua. Bahasha akaniachia mimi. "Mwambie mzee, pale penye siku ya kufa aache wazi. Tutajaza kwa kalamu ikifika."

Hii ndiyo robo yangu, naikiri. Siku niliyoipeleka, tarehe kumi na nne, nilikuwa natoka kwenye mazishi mengine. Nimevaa nyeusi, macho mekundu kwa moshi wa udi, na saluni bibi harusi ananisubiri nusu kichwa kimesukwa. Mzee Kuang akaitazama picha ya Saengda, akanitazama mimi, akanivutia kiti. Akanipa maji baridi. Akasema, "Usijisumbue na lolote, mwanangu. Nitashughulikia yote." Nikaona huduma nzuri hii. Nikanywa maji, nikakimbia. Yale ya kuacha wazi yalinitoka kabisa.

Na yule mzee, miaka thelathini anachapa vitabu vya wafu wala hajasoma hata kimoja, akaona pale pa siku ya kufa hapana kitu. Akajisemea wafiwa husahau, majonzi ni mengi. Asingeweza kumrudia binti aliyelia macho yakawa mekundu vile na kumwuliza mama yako kafa lini. Akajaza mwenyewe: tarehe kumi na nne. Akachapa vitabu mia tatu, akavipakia kwenye gari, akavipeleka alikozoea kupeleka siku zote. Hekaluni.

Jumamosi ya wiki ya tatu, asubuhi, kipaza sauti cha hekalu kikakohoa. Ilikuwa sauti ya Inson, msimamizi wa hekalu, mtu anayependa kipaza sauti kuliko anavyompenda mkewe. "Ndugu wote! Saengda mshona mashati ametutoka tarehe kumi na nne, huko Nan alikokwenda. Vitabu vyake vimefika. Mwili uko njiani. Tukusanyike leo saa saba!"

Chanuo liliniponyoka. Nilikimbia na ndala moja hadi hekaluni, nikanyakua kitabu, nikaisoma ile tarehe. Kumi na nne! Asubuhi ya siku hiyo mimi na Saengda tulikula tambi pamoja kituo cha basi, akanilalamikia kwamba zina chumvi. Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja.

"Mjomba Inson, hajafa! Ni kosa la chapa!"

"Kaa chini, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyepeleka karatasi! Alikuwa hai!"

"Una uchungu. Wote tuna uchungu. Lakini tazama, imeandikwa." Akanigongea kitabu kwa kidole. "Kitabu kingesema uongo kwa faida gani?"

Nikamwendea mama wa mboga wa pale sokoni, nikawaendea wapishi. Wananikumbatia! Wananipa maji! Turubai likasimamishwa, mashada yakafika, masufuria matano ya mchuzi wetu wa nyanya na damu ya nguruwe yakawekwa jikoni, tambi za mchele zikapangwa kwenye majani ya migomba. Niliona hakuna atakayeniamini ila kwa kumwona Saengda mwenyewe. Alipoondoka aliniambia atarudi Jumamosi hiyo kwa basi la saa nane mchana. Nikaenda kumsubiri kituoni, nikitunga maneno ya kuombea msamaha.

Akateremka na mananasi mawili. Nikamweleza lote bila kuvuta pumzi: Kuang, tarehe, vitabu, kipaza sauti, mashada. Nikangoja makofi.

"Mia tatu?" akasema. "Vyote viko hekaluni?"

"Vyote, shangazi, nisamehe, mimi..."

"Wanavisoma?"

"Nini?"

"Wanavisoma sasa hivi, Nim? Wamekaa, wanasoma?"

"Wanasubiri mwili wako, watafanya nini kingine? Wanasoma."

Alinisukumia mananasi. Macho yake yaliwaka hata nikasahau kuogopa. "Na Thawin yupo?"

"Alikuwa wa kwanza kufika."

Tukakimbia! Miaka hamsini na minane, na mimi niliyekuwa na thelathini sikuweza kumpita. Tulizunguka nyuma, tukajibana katika kibanda cha ngoma kubwa ya hekalu, ambako mbao zina nafasi kati yake. Kutoka pale tuliwaona wote chini ya turubai, mji mzima wa nyuma ya soko, wamevaa nyeusi na nyeupe, vichwa vimeinama, kila mmoja na kitabu. Ukimya ule nausikia mpaka leo. Kurasa tu zinafunguka.

Saengda aliushika mkono wangu akaukamua. "Mama wa mboga yuko kwenye hadithi ya mwizi," alininong'oneza. "Naona kwa unene wa kurasa. Subiri. Subiri sasa."

Hadithi ya mwizi ni hii: mwizi anaingia nyumbani kwa bibi kipofu, bibi anamdhania mwanawe aliyepotea, anamkumbatia, anampikia, anamlilia begani. Mwizi anaona haya, anaondoka bila kuiba kitu. Anafika kwake, anatia mkono mfukoni, hamna kitu. Bibi anaona vizuri sana.

Mama wa mboga alifunua ukurasa. Akakaa kidogo. Kisha akajipiga paja paa! "Ajuza huyu!" alipiga kelele katikati ya mazishi, akafunika mdomo, mabega yakawa yanaruka. Mstari wa tatu mtu akaguna. Fundi baiskeli akamgonga mwenzake, "Umefika ya ngapi? Usiniambie! Nyamaza!" Watoto wa shule walikuwa wamekaa wanne kwenye kitabu kimoja wanagombania kufunua. Saengda alikuwa anaruka pale pale alipo bila kutoa sauti, machozi yanamtoka, ananipiga mgongoni. Kumi na tisa zilirudi kutoka Bangkok! Na hapa watu wanacheka kwenye msiba na hawawezi kujizuia!

Lakini wengi walipomaliza hadithi ya kumi na moja walifanya jambo jingine. Waliinua macho taratibu, wakamtazama Thawin kisogoni. Kisha wakatazamana. Nami nikafungua nakala yangu pale pale kibandani, nikaisoma "Jumatano" hadi mwisho. Siwaambii bado. Na mimi niliinua macho nikamtazama Thawin.

Alikuwa mstari wa mbele, peke yake, shati lake la buluu limepigwa pasi. Kitabu kiko magotini, kimefungwa.

"Amemaliza?" Saengda aliuliza.

"Sioni."

"Hajamaliza. Tazama kidole chake kilipo. Bado ukurasa mmoja. Kwa nini hafunui?" Dakika zikapita. Watawa walianza kuingia na kukaa mahali pao. "Funua, wewe mtu! Funua! Nim, nenda kamwulize."

Nikaenda kwa kuinama, nikachuchumaa karibu naye. Ukurasa wa mwisho aliubana kwa pini aliyoitoa kwenye utepe wake mweusi wa msiba.

"Mjomba Thawin, mbona humalizi?"

Hakunitazama. "Sijatoa kisio langu," alisema. "Mpaka wote wawili waseme. Sasa mimi nimwambie nani?"

Nilirudi kibandani, nikamwambia Saengda maneno hayo kama yalivyo. Alijifuta uso kwa ile mikono ya buluu, akaunyoosha mgongo, akatoka.

Wa kwanza kumwona alikuwa Inson, kipaza sauti mkononi. "MZIMU!" Neno hilo lilikwenda mji mzima, lilifika hadi ng'ambo ya mto. Viti vikaanguka, mashada yakakanyagwa, mama wa mboga alipita juu ya meza ya tambi na unene wake wote. Fundi baiskeli alipanda mti lakini kitabu hakukiachia. Watawa wadogo wakanyanyuka, mkuu wa hekalu akawatazama, wakakaa.

Aliyebaki kitini ni Thawin. Saengda akaketi kiti cha pembeni.

"Dada Saengda," alisema Thawin, macho mbele, midomo haina damu. "Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kusikia kisio lako."

"Wewe umekufa."

"Sijafa. Mzee Kuang ndiye kaniua, na hiyo haihesabiki, si kona niliyoikata mimi. Kisia!"

Thawin akageuka. Akaunyakua mkono wake, akaubonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni, akaugeuza, akaona nili. Kisha yule mtu mkimya alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikimtoka, hajali nani anaona, na mimi nililia, na mananasi bado ninayo mikononi.

"Kisia!" Saengda alimtikisa. "Baadaye utalia!"

Watu walikuwa wakirudi mmoja mmoja, wananusa hewa, wanamgusa Saengda nguo halafu wanaruka nyuma. Mkuu wa hekalu akasema kwamba watawa wamekwisha kukaa na chakula kimekwisha kupikwa, basi leo tutafanya ibada ya kumwongezea mtu umri badala ya kumsindikiza, na Inson aokote kipaza sauti. Lakini hata yeye mkuu, naapa, alikuwa na kidole ndani ya kitabu. Hakuna aliyeanza ibada. Wote walisimama wakawazunguka wale wawili. Karibu wote walikuwa wamekwisha kuusoma ukurasa ule, na wote walifumba midomo kwa nguvu.

"Hadithi inamhusu mshonaji," Thawin alianza, "na mwenye duka la vitabu. Kila Jumatano wanakisia mwisho, na mwenye duka anashinda daima. Sasa..." Akasugua magoti. "Mshonaji anakufa."

"Hapana!" tuliitikia watu themanini.

"Ninyi nyamazeni!" Saengda alifoka. "Hapana. Leo nakupa matatu. La pili."

"Duka linaungua."

"La tatu. Na la mwisho."

Masikio ya Thawin yakawa mekundu. Alitazama viatu vyake. "Wanaoana," alisema, karibu asisikike.

Mtu alipiga mluzi. Saengda naye aliona haya, mara moja tu, kisha akakaza uso. "Toa pini."

Thawin akatoa pini. Akafunua. Nami sasa nitawasomea, maana nakala yangu ninayo hapa:

"Mwenye duka hakuwa mlozi. Jumatano moja ya mwaka wa kwanza, mshonaji alikwenda sokoni alfajiri, akapita mbele ya duka, akaona mwanga kwenye ufa wa mlango. Akachungulia. Vitabu vipya vimepangwa mezani, na mwenye duka anafungua kimoja baada ya kingine, kurasa za mwisho tu, za hadithi zote, midomo ikitembea kama mtoto anayekariri kwa ajili ya mtihani. Mshonaji akarudi nyumbani, akachukua pini zake, akaja saa mbili kama kawaida. Alibana, akakisia, akashindwa, akapiga kelele. Akafanya hivyo miaka ishirini na miwili. Hakumwambia, kwa sababu tangu mumewe afe, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiamka alfajiri kwa ajili yake."

Thawin alifika nukta ya mwisho. Taya likashuka. Likashuka tena. Alivua miwani, akatazama kulia akaona watu wanaojua, akatazama kushoto akaona wengine.

"Ameachama!" Saengda aliruka akasimama juu ya kiti. Juu ya kiti, hekaluni! "Nim! Tazama! Tazameni wote, ameachama!"

Tulipiga kelele kama kwenye mechi. Fundi baiskeli alitikisa tawi. Inson alitangaza kwenye kipaza sauti, "Ameachama, ndugu zangu!" na waliokuwa majumbani hawakujua ni nani wala kwa nini. Nami nilizikumbuka kelele zote nilizozisikia kupitia ukuta ule wa mbao, Jumatano baada ya Jumatano, zile za "umejuaje, umejuaje," na nikaona mimi ndiye niliyekatiwa kona kubwa kuliko Thawin.

Yeye alisubiri hadi Saengda aliposhuka.

"Tangu mwaka wa kwanza ulijua," alisema. "Sasa zile kelele zako zote?"

"Ningenyamaza, ungeendelea kuamka?"

Thawin alivaa miwani, akaurudia ukurasa ule, akausoma tena kuanzia juu, polepole, kama vile hajui unavyoishia.